Kidonda Kilichoachwa Wazi

Jumatatu, 6 Juni 2005
Wiki ya pili wodini, Parklands, nikitafutia gazeti habari. Baridi. Chai ya hospitali ni maji ya moto yenye rangi. Meja hakuitikia salamu, kama kawaida. Alikuwa daktari wa upasuaji jeshini, sasa amestaafu, lakini bado anapita kati ya vitanda kama anayekagua gwaride. Amechora mstari wa chaki sakafuni. Mimi na daftari langu tukae nyuma yake.

Mgonjwa mpya: Isaya, mlinzi wa geti Lavington. Majambazi walimpiga risasi jana alfajiri. Ilipita kwenye shavu la mguu wa kushoto, ikatokea upande wa pili. Mfupa mzima. Meja alikata nyama iliyokufa, akaosha, akajaza shashi, akafunga bendeji. Hakushona. Juu ya bendeji aliandika kwa kalamu nene: 5/6, na chini yake 10/6. Nimenakili.

Rodah, mkewe, amekuja kutoka Kinoo. Hakufurahi.

"Daktari, hata shati ikiraruka si hushonwa?"

"Mama, mguu si shati." Akaenda zake.

Isaya aliniuliza mimi: "Madam, nitaweza kusimama getini?" Mlinzi asiyesimama hana kazi. Nilimwambia sijui.

Jumanne, 7 Juni
Nilimuuliza Meja kwa nini kidonda kiko wazi.

"Siku ya tano."

Kwa nini ya tano?

"Kwa sababu leo ni ya pili."

Wauguzi walicheka. Simpendi mtu huyu. Nimewahoji mawaziri na wezi wa magari. Wote walijibu maswali, hata kama ni kwa uongo.

Mchana, ofisini mjini. Nilimpigia daktari mwingine. Nikauliza: kidonda kikubwa kuachwa siku tano bila kushonwa, ni kawaida? Akasema la, kidonda kikisafishwa hushonwa siku hiyo hiyo. Nikaandika. Mhariri aliipenda. Hupenda daktari akiwa na kiburi na mgonjwa akiwa maskini.

Jumatano, 8 Juni
Imetoka, ukurasa wa tatu. Nimeikagua mara mbili. Hakuna sentensi ya uongo.

Saa sita Rodah aliingia wodini na mashemeji wawili, gazeti mkononi. "Hapa mnaozesha watu!" Wagonjwa wengine wakaanza kunung'unika. Meja alisimama mlangoni.

"Mkimtoa leo, mtamrudisha. Mkimrudisha, mguu sitaurudisha mimi."

Nilidhani ni vitisho. Nikaviandika. Wakambeba Isaya, yeye mwenyewe akiomba radhi kwa kila muuguzi aliyempita.

Meja aliniambia kwa upole ulionichukiza: "Umeandika vizuri, mwandishi. Sasa nenda ukamshone."

Ijumaa, 10 Juni
Kinoo, kutafuta habari ya pili. Zahanati ya kando ya barabara ilifungua bendeji Jumatano na kushona jioni ile ile. Nyuzi zimenyooka kama za cherehani. Majirani wanaingia kwa zamu kutazama. Rodah alinipa chai na viazi vitamu.

"Ona sasa! Hiyo ndiyo kazi ya daktari. Si yule mzee wa kambi."

Isaya hakula. Alisema mguu unambana, kama amevaa kiatu cha mtu mdogo. Ngozi inang'aa. Niliandika hivyo, "inang'aa", nikanywa chai yangu. Niliondoka nimeridhika. Naliandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 12 Juni
Rodah alipiga simu asubuhi. Hakusalimu. "Madam, kuja unuse."

Nilinusa nikiwa bado mlangoni. Mguu mweusi hadi karibu na goti. Ukibonyeza ngozi, mapovu yanatembea chini yake. Nilimpeleka kwa gari langu, madirisha wazi, Waiyaki Way nzima.

Meja alitolewa kanisani. Alifika na suti. Hakumuuliza mtu chochote. Alikata juu ya goti.

Baadaye alinieleza, dakika mbili, tukiwa tumesimama. Risasi huingia na vipande vya suruali na udongo. Nyama iliyopigwa huendelea kufa siku kadhaa baadaye. Ukiifunga, umefungia uozo ndani na ufunguo umeutupa. Ndiyo maana husubiri siku tano, uone kilichobaki hai, kisha ushone. Jeshini hata kuruta anajua, alisema. Hakuwahi kulazimika kueleza.

Nilimwambia angenieleza Jumanne.

Alinitazama. Hakukataa.

Jumatatu, 13 Juni
Nilimwomba Mhariri tuchapishe masahihisho. Akauliza kosa liko wapi. Sikuweza kumwonyesha hata mstari mmoja.

Nilimpigia tena yule daktari. Safari hii nikataja risasi.

"Aa, risasi! Hiyo huachwa wazi. Mbona hukusema?"

Nikakata simu. Nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza wa Isaya: 5/6, 10/6. Siku ya kufungua ilikuwa imeandikwa juu ya mguu wenyewe. Niliinakili kwa uangalifu, na sikuiweka kwenye habari kwa sababu sikujua maana yake. Sikuuliza tena. Niliuliza kuhusu kiburi.

Namchukia Meja. Hilo halijabadilika. Kumeongezeka mtu mmoja tu wa kuchukia: mimi.

Jumatano, 15 Juni
Kigutu cha Isaya hakijashonwa. Bendeji, kalamu nene: 12/6, 17/6.

Leo muuguzi mgeni alikuja na mkasi abadilishe bendeji. Rodah aliweka kiganja juu yake.

"Dada, soma hapo kwanza."

Muuguzi akasema ni kazi yake. Rodah akasema, "Na hii ni yangu." Muuguzi akasoma. Akaondoka na mkasi wake.

Rodah halali nyumbani. Mashemeji hawajaonekana. Mimi hajanisemesha tangu Jumapili.

Ijumaa, 17 Juni
Siku ya tano.

Meja alifungua. Nyama nyekundu, safi, haina harufu. Alimwita Rodah asogee aone, akamweleza kila kitu kabla ya kushika sindano. Polepole, kama mtu anayesema lugha aliyojifunza ukubwani. Kisha akashona.

Deki imefuta mstari wa chaki. Nilisimama pale ulipokuwa.

Walipomaliza, Isaya alinitafuta kwa macho. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Madam, wewe unazunguka sana. Kuna geti mahali mlinzi anakaa?"

Nimeliandika swali lake kama alivyolisema. Kesho naanza na Lavington, geti kwa geti.