Kutafuta Kwale Kwenye Ardhi Isiyo na Ua

Jumamosi. Mvua ya jana imeacha baridi ya kuuma vidole, lakini jua limetoka, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Wacha niandike kabla sijawasha moto wa chakula cha mchana.

Wale mnaopita hapa mara kwa mara mnajua baba yangu ana shida ya masikio. La kushoto lilienda zamani. La kulia linaenda sasa, na daktari alituambia wazi kwamba halitarudi. Nilimwandikia baba maneno hayo kwenye karatasi. Akasoma, akakunja karatasi, akasema kabla sikio halijafunga kabisa anataka kusikia kwale akilia.

Si kwale wa kwenye simu. Nilimchezea huyo, akanirudishia simu akasema hiyo ni redio.

Baba alikua akichunga ng'ombe na kutega kwale kwa singa za mkia wa ng'ombe. Siku hizi kuwinda ni kosa, na yeye mwenyewe hana hamu tena ya kuua ndege. Anataka tu kumwinda kwa sikio. Shida ni wapi. Kwale anapenda nyasi ndefu na vichaka, na huku kwetu kila unapokanyaga ni majani chai au ua wa mtu. Mwezi mzima nimetafuta ardhi ya umma, mahali ambapo hakuna atakayetoka nyumbani kutuuliza tunataka nini. Kando ya mto watu wamepanda miti mpaka kwenye maji. Kando ya barabara ya Litein kumejaa nepia, majani ya ng'ombe ambayo watu wamepanda. Kwenye josho la zamani la ng'ombe, mahali nilipokuwa nimeweka matumaini yangu yote, nilikuta msingi wa nyumba.

Nilikaa juu ya mawe ya huyo mwenye nyumba nikalia.

Shangazi, dada yake baba aliyeolewa Siongiroi, ndiye aliyenikumbusha penye chumvi karibu na kwake, pale ng'ombe wanapolamba udongo. Tangu zamani pale ni pa kila mtu. Hata majirani waliokosana vibaya, hakuna anayemzuia mwenzake kuleta ng'ombe. Kwa hivyo hakuna aliyethubutu kuweka ua, na vichaka bado vipo.

Tulienda Jumamosi iliyopita tukarudi bila kusikia chochote. Hapa ndipo ninapoona haya. Nilikuwa nimevaa epuroni yangu ya kuchunia chai, ile ya plastiki, kwa sababu ya umande. Sisi wachunaji tunaivaa bila kufikiria, kama kitambaa cha kichwa. Kila hatua ilipiga kelele, na ndege wote wakahama. Baba alikuwa mbele, hakuisikia. Aliniuliza mbona kumenyamaza hivi, au sikio limeshaisha.

Sikumwambia ni epuroni. Nikamwacha wiki nzima akidhani ni sikio lake.

Leo asubuhi, tukiwa kwa shangazi, nilishindwa kuendelea. Nikaitoa epuroni kwenye mfuko, nikaifinyafinya kando ya sikio lake na kujinyooshea kidole. Akaelewa. Nilingoja hasira, akacheka.

"Kumbe ni wewe, Chebet. Wewe ungetega ungekufa njaa."

Epuroni ikabaki kwa shangazi. Tukakaa nyuma ya kichaka, sketi yangu ikiwa imelowa mpaka magotini, tukiangalia ng'ombe wawili wakilamba. Kisha kwale akalia, karibu kabisa, ile sauti kali ya kukwaruza. Nikamgeukia baba. Alikuwa anaangalia ng'ombe.

Hakusikia. Niliumia sana.

Aliona uso wangu. "Imelia?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka viganja mdomoni na kuita kama alivyokuwa akiita machungani, kwa koo, mara tatu. Kwale akamjibu. Baba akaita tena. Ndege akatoka kwenye nyasi, shingo juu, akitafuta ni nani anayemwita. Baba alimwona. Alinishika mkono mpaka ukauma.

"Imenijibu?"

"Imekujibu, baba!" Nilipiga kelele ili asikie, na bila shaka kwale akatoroka. Baba alicheka mpaka kwa shangazi.

Nashukuru kwa ile ardhi na kwa watu wote walioiacha wazi. Nashukuru kwamba nilisema ukweli kabla ya kwenda. Baba alitaka kumsikia kwale, na kwale ndiye aliyemsikia baba.

Nimemwomba anifundishe ule mlio, na amekubali. Nikikosea hataweza kunisahihisha, kwa hivyo nitakuwa nikienda penye chumvi kila Jumamosi na kuita, mpaka siku nitakayojibiwa.