Neno la Kumwitia Mama

Kaka yangu mpenzi,

Hapa hatujambo, ila shemeji yako ana nyuzi kichwani. Aliyempiga ni mama.

Jumamosi mama alikuwa sebuleni anapiga pasi. Shemeji yako alitaka kumhamishia chumba cha mbele, kile chenye jua, akafunga mlango kelele za watoto zisiingie. Akamwambia kwa upole, "Mama, njoo tuzungumze kidogo."

Mimi nilikuwa jikoni. Niliposikia hivyo, niliacha kila kitu nikakimbia. Unajua kwetu kuzungumza kulikuwa nini. Baba akisema, "Leo tutazungumza," mama alivua hereni zisije zikamchana masikio, nawe ulinivuta uvunguni.

Nilipofika sebuleni, mama alishampiga kwa pasi ya moto mara mbili. Shavu limeungua, damu imelowesha shati, naye mama anaiinua tena.

"Leo hunigusi," alikuwa anasema. "Hunigusi tena."

Nikamkumbatia kwa nyuma mpaka mikono ikalegea. Ndipo akamtambua mkwewe, akaketi sakafuni akalia.

Hospitalini shemeji yako alisema ameanguka. Jana, bandeji ikiwa bado kichwani, aliniuliza, "Sasa nikitaka kuongea naye, nimwambieje?"

Mimi nilizaliwa mambo yameshaharibika, lakini wewe ulinitangulia miaka mingi. Kuna neno lolote baba aliwahi kumwita nalo mama, akaja bila kuogopa? Kama unalikumbuka, niandikie.

Dada yako mdogo