Mikono ya Bibi Mamokete

Kwako dada Puleng,

Huku theluji imefika hadi mlangoni, na mama anauliza kama ulilipata blanketi alilokutumia. Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Jumanne wodini nilibadilisha mrija wa dripu wa mtoto njiti. Kiungio nilikichomeka bila kukizungusha mpaka kibane, maana nilikuwa nawahi chai. Bibi yake, Mamokete, akamfunika kwa blanketi. Niliporudi nikalifunua, nikakuta mrija umechomoka na damu imelowesha shuka.

Kabla sijasema neno, bibi akaanza kulia. "Ni mimi, mwanangu. Nimeuvuta kwa blanketi langu."

Dada, nilijua kosa ni la nani. Nikamjibu, "Siku nyingine usimguse, bibi." Muuguzi mkuu akanisifu kwa kuwahi kuona.

Mtoto amepata nafuu, ananyonya. Lakini bibi hamgusi tena. Anakaa kando ya kitanda, mikono kaificha kwapani, na kila nikipita ananiuliza, "Sasa naruhusiwa, mwanangu?"

Leo nimemwambia bado.

Ni mimi mdogo wako, usinisifu kwa watu,
Lineo