Nizikeni Jua Likishalegea

Manika, Kolwezi
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Jémima,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Hamjambo huko Dilolo? Mumeo Mechack amepona mgongo? Na Chancelle wetu, meno yake ya mbele yameota? Sisi huku tunakula vumbi la malori yanayotoka mgodi wa Mashamba, mvua bado. Mimi ni mzima kichwani tu. Kidonda cha sikio kimeshuka mpaka shingoni na mkono unatetemeka, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Daktari hakunificha: Noeli sitaiona.

Usilie. Nina mambo ya kukataa, na nguvu ni kidogo.

Jumapili Kisimba, mtoto wa dada yangu, alikuja na vijana wa ukoo. Akaketi mbele yangu, akasema: "Tata, jua haikulake muntu. Kuko muntu mu hii nyumba anakula weye." Yaani jua haliui mtu, bali kuna mlozi humu ndani anayenila. Akamkazia macho Adolphine, mjane wa mdogo wangu, ambaye kila asubuhi ananisafisha kidonda bila kuziba pua. Nikamjibu: "Kweli, kuko muntu. Ni mi mwenyewe." Vijana wakacheka. Kisimba hakucheka.

Nakuungamia kama nilivyomwungamia padri. Mimi ni albino kama mtoto wako, na nilifundisha sayansi maisha yangu yote. Nilijua kwamba ngozi yetu haina kinga. Oktoba, kwenye joto, nilijifunika vizuri. Lakini mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi inapouma mifupa, nilitoka kama watu wote kuota jua ukutani, kichwa wazi, asubuhi nzima. Jua la baridi halichomi, ndivyo tulivyosema. Linachoma! Hewa ndiyo baridi. Jua ni lile lile. Mama yangu naye alinipaka mawese masikioni, nikakaangika vizuri zaidi. Hakuna ulozi hapo.

Sasa nasikia unamfungia Chancelle ndani, mapazia yameshushwa, kwa kuogopa kidonda changu. Nakataa. Sikuumia kwa sababu nilitoka. Niliumia kwa sababu nilitoka vibaya.

Mtoto atoke. Asubuhi mapema na jioni acheze mpaka achoke. Jua likiwa utosini akae kivulini. Avae mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana inayofunika masikio na shingo (kepi haifai, inaacha masikio), mwaka mzima, hata kwenye baridi, hata mawingu yakitanda. Ukipata mafuta ya kuzuia jua, mpake, na umpake tena akitoka jasho. Mawese ni ya sombe. Kidonda kisipopona mwezi mzima, mpeleke kwa daktari, si kwa waombezi.

Nami nilifurahia dunia, Jémima. Nilivua samaki ziwani Nzilo alfajiri, kofia kichwani, nikarudi na ndoo imejaa kabla jua halijapanda. Nani ataninyang'anya hayo?

Blanchard, jirani yetu mwenye lori, anakuletea kofia yangu ya majani. Adolphine ameishona upya ikae kwenye kichwa kidogo. Alijichoma sindano mara nyingi, akaitukana kofia pamoja nami.

Nikifa, uje na mtoto. Nimemwambia padri, Kisimba akisikia: nisizikwe mchana kama wanavyozoea, bali jioni, jua likishalegea. Kisimba akanung'unika kwamba watu wataumwa njaa. Waumwe! Chancelle asimame nje, mbele kabisa kaburini, kofia yangu kichwani, ameshikwa mkono na Adolphine. Atakayetaka kumtaja mlozi, amtaje pale, akiwatazama hao wawili.

Nisalimie Mechack, mama mkwe wako Henriette, na Huguette wa sokoni. Mwambie Chancelle kwamba babu, nkambo wake, anamsubiri nje.

Mungu awe kivuli chenu.

Nkambo wako akupendaye, na asiyenyamaza,

Antoine Tshiamala