Kurumbiza wa Michongoma

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo umechoka. Hakusema umebakiza siku ngapi. Alimtazama mkamwana wangu anayenitunza, kisha akaniandikia vidonge. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na saba. Najua maana ya daktari kumtazama mtu mwingine. Basi niungame hapa kwanza, kwenye karatasi, nipate mazoezi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, haoni. Anakaa mtaa wa pili. Tangu macho yalipomzimika, kila asubuhi nawarekodi ndege wa hapa uani kwa simu na kumtumia: chozi, tetere, shomoro, na kipenzi chake kurumbiza, aliyekuwa akiimba kwenye michongoma. Mwaka juzi jirani aliing'oa michongoma, akajenga ukuta. Kurumbiza akahama.

Sikumwambia. Nikapiga mluzi mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mzee mzima, msomi wa elimu ya viumbe, amejificha nyuma ya pipa la maji, meno ya bandia mfukoni ili mluzi utoke vizuri. Ndiyo mimi huyo — miezi kumi na minne sasa. Na kichwa kikavimba. Nikaongeza madoido. Ilifika mahali nikamwoza kurumbiza, nikawa naimba sauti mbili. Shemeji akasema hao wawili wanapatana kuliko mimi na dada yake. Nilinuna siku nzima. Nimeshindwa na ndege ambaye ni mimi.

Leo pumzi haikutosha. Ilitoka sauti ya birika linaloanza kuchemka. Sikutuma kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Amepiga simu. Mbona kurumbiza kimya? Nikasema amesafiri. Uongo wangu sasa una wajukuu.

"Basi nakuja Jumamosi, shemeji. Nitamsubiri hapohapo kwako."

Mkamwana akadakia kutoka jikoni, karibu sana mama, nitakupikia. Nilimkata jicho. Maji yamekwisha mwagika.

Maneno ya kusema ninayo. Nimeyaandika mara tatu. Hofu yangu ni moja: nife akiwa amenikasirikia. Wa rika langu wote wameondoka. Nimebaki naye tu, naye kabaki nami — na ndege wa uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Yupo. Tumeketi barazani, fimbo yake magotini. Tetere ameimba. Chozi ameimba. Naandika haya kwenye paja badala ya kusema. Nimefungua mdomo mara mbili: kwanza nilimwuliza kama chai ina sukari, kisha kama ilikuwa moto. Shujaa.

Sasa amenigeuzia uso. Anasema polepole, kama anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho.

"Shemeji, wewe ni mwalimu, hebu nisaidie. Ni ndege gani huyo anayekohoa kwanza, ndipo aimbe?"

Miaka thelathini na saba niliwasimamisha watoto walioitazama sakafu badala ya kujibu. Sakafu hii ina nyufa nne. Ya tano inaanzia chini ya kiti changu.

"Mwaka mzima nakusubiri uniambie," anasema. "Na hiyo kalamu iweke chini. Naisikia."