Kadi za Kuvumilia

Edinburgh, 5 Novemba 1934

Mwanangu Alison,

Salamu zangu zikufikie kabla ya barafu. Mimi mzima, ila vumbi la karatasi linanikohoza. Hofu ni kwenu, hasa mgongo wako wewe na kifua cha mdogo wako Nan. Baba yako msalimie, ingawa najua hataitikia.

Nina kazi kwako. Kamusi yetu ya maneno ya Kiskoti sasa inatafuta neno *thole*, yaani kuvumilia, neno la kwetu kule nyumbani, ambalo Mwingereza wa kusini ukimtamkia anakukodolea macho. Tunajua kwamba leo ni *thole* na jana ni *tholed*, na wapo wazee wanaoifunga hiyo jana kwa t ngumu kama wanafunga lango. Tusichojua ni nani humwambia nani avumilie, na wakati gani. Nakutumia kadi ishirini. Katika kila kadi andika maneno kama yalivyosemwa, jina la msemaji, mahali na tarehe. Usitunge! Profesa akiona kadi ya kutunga huichana mbele yetu.

La pili ni siri. Mwezi wa Mei binti anayepanga kadi hapa anaolewa, na kiti chake kitakuwa wazi. Hati yako ni nzuri kuliko yangu. Nimekutaja.

Shangazi yako,
Beatrix


Whinrig, 25 Novemba 1934

Shangazi mpendwa,

Tunaendelea vizuri, nikikuambia vingine utalia bure. Nan hajambo. Baba nilimpa salamu zako, akaangalia bakuli lake la uji kama vile ameingia nzi.

Kadi nimeanza. Tuko kwenye tanipu, ile mizizi ya kulisha kondoo, tunang'oa na kukata majani, na barafu imeshikamana nazo hata vidole havijui kama bado ni vyangu. Msimamizi alipita na farasi wake, glavu mbili juu ya mbili, akasema, "Vumilieni, wanawake, mchana jua litatoka." Mama Purves, yule jirani mwenye ulimi, akamjibu, "Shuka basi tuvumilie pamoja, Bwana, au matako yameganda kwenye tandiko?" Tulicheka mpaka tukapata joto. Nimeandika kadi mbili, ya msimamizi na ya Mama Purves. Ya pili kama itamwaibisha Profesa, mwambie asifumbe macho, ni mfano mzuri.

Nyingine: mhubiri alimwambia mjane wa mchunga kondoo avumilie. Mwalimu alimwambia Nan avumilie jino. Baba aliniambia mimi nivumilie, lakini hiyo kadi ningeijaza kila siku.

Kuhusu kiti, Shangazi, nimeisoma sehemu ile mara nyingi hata karatasi imelegea mkunjo. Lakini unaijua nyumba hii. Ni ya shamba. Baba hapewi nyumba mpaka atoe mwanamke wa kulima pamoja naye. Mama Purves anatuita wanawake wa rehani, na hakosei.

Mwanao,
Alison


Edinburgh, 9 Desemba 1934

Mwanangu,

Natumaini vidole vimerudi. Mimi nalala na chupa ya maji moto, na naona haya kukuandikia hivyo.

Profesa alizisoma kadi zako kwa sauti, na ya Mama Purves alitusomea mara mbili. Kisha akauliza jambo: mbona kila anayesema neno hili anamwambia mwingine? Nikamjibu kwetu tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akaniambia nitafute mtu anayelisema juu ya nafsi yake.

Sasa sikiliza. Februari Bwana Dodds, mwenye shamba, atakuja mlangoni kumwuliza baba yako kama atabaki mwaka mwingine. Asipouliza, ndiyo mmefukuzwa, nalijua. Akiuliza, baba yako atajibu kwa niaba yako. Kwa hiyo sema naye kabla. Mwambie wazi kwamba wewe unakuja kwangu. Mashamba ya upande wa Kelso siku hizi yanachukua mlimaji bila mwanamke. Atafute huko.

Shangazi yako,
Beatrix


Whinrig, 20 Januari 1935

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, japo umeshaanza kuzeeka. Nan alikohoa Krismasi yote, sasa nafuu.

Nilisema na Baba. Nilingoja amalize kula, nikamwambia yote, kiti, kadi, Mei. Hakufoka. Alisema, "Shangazi yako Beattie aliondoka, mama yako akaingia shambani na wewe ukiwa mgongoni. Mama yako alipokufa, ukaingia wewe. Ukiondoka wewe, mimi nitamtia nani?" Nikamwambia kuhusu Kelso. Akasema, "Nina farasi wawili hapa ninaowajua, na kaburi moja. Kelso nina nini?" Kisha akasema utavumilia, Alison, wote tumevumilia. Kadi hiyo nimeiandika nikakosea tarehe.

Sikukasirika na yeye tu, Shangazi. Nilikukasirikia na wewe. Nimekuwa nikikupenda miaka yote hii kwa sababu uliondoka, na sijawahi kujiuliza ni nani aliyebeba jembe lako. Niwie radhi, lakini ndivyo nilivyo leo.

Alison


Edinburgh, 24 Februari 1935

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama umenikasirikia, una haki, lakini nikasirikie kwa maandishi. Bwana Dodds amekuja? Kiti nimekishikilia kwa meno.

Shangazi yako


Whinrig, 3 Machi 1935

Shangazi,

Sisi wazima. Barua zako zote zimefika.

Bwana Dodds alikuja Jumanne, akasimama mlango wa zizi la farasi. Nilikuwa ndani nikibeba majani. Alisema, "Adam, unabaki?" Baba akasema, "Nabaki." Akauliza, "Na mwanamke mmoja, kama kawaida?" Baba akasema, "Mwanamke mmoja." Hakutaja jina. Wakashikana mikono, basi, mwaka mzima umekwisha kuuzwa kwa maneno kumi.

Usiku ule nikajisemea hakutaja jina, huenda ananiachia mlango. Asubuhi nikamkuta ameketi na viatu vya marehemu Mama, anavitia pamba mbele ili vimtoshe Nan. Nan anatimiza kumi na nne Aprili, umri wa kuacha shule na kuingia shambani. Alikuwa amesimama kwa soksi anamngojea, na akaniambia, "Nenda tu, Ali, mimi nitavumilia." Kwa kifua kile! Mtoto anataka kusoma uuguzi, Shangazi, daftari zake zimejaa michoro ya mifupa.

Hii ndiyo kadi aliyoitaka Profesa, mtu kulisema juu ya nafsi yake. Sitaijaza. Vile viatu nimevichukua nikavaa mwenyewe. Kiti mpe mwingine, na usiniandikie habari zake tena, tafadhali.

Mwanao,
Alison


Edinburgh, 10 Machi 1935

Alison mwanangu,

Mimi mzima kabisa, na nataka ulijue hilo kabla hujasoma mengine, usije ukasema shangazi amerukwa na akili.

Bwana Dodds aliuliza mwanamke mmoja. Hakutaja jina, na baba yako hakutaja jina. Mimi ni mwanamke mmoja. Nina miaka thelathini na tisa, meno yote, na kofia yangu nyeusi ya shamba ninayo bado kabatini, utepe wake mwekundu haujaliwa na nondo. Tarehe 28 Mei nitashuka kituoni asubuhi. Wewe utapanda gari lilelile nililoshukia. Kiti ni chako, na chumba changu pia. Mwenye nyumba nimemwambia, paka wake usimzoeze maziwa.

Usinibishie. Mahakamani kwetu husema, kwa neno hilihili *thole*, mtu akishaivumilia kesi yake, hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Kadi za namna hiyo zimejaa sanduku zima, nami nimezipanga kwa mkono wangu. Kesi yangu sikuivumilia. Niliikimbia nikiwa na miaka ishirini na moja, na wewe na mama yako mkasimama kizimbani.

Naogopa, sitakuficha. Nauogopa uso wa baba yako zaidi ya tanipu. Mpe habari hii akiwa ameshiba.

Shangazi yako,
Beatrix


Edinburgh, 23 Juni 1935

Shangazi yangu,

Mikono yako haijambo? Paka hajambo, na maziwa anapata, nisamehe. Nan ameniandikia kwamba shuleni wamemweka darasa la juu, na kwamba Mama Purves amekupa jina la Bibi Kamusi.

Kazi naipenda mpaka nasikia aibu. Nikipanga kadi dirishani nauona mgongo wako umeinama, nami nimeketi kwenye mto. Nan anasema Baba hajakuambia neno tangu ulipofika, na chumvi ikiwa mbele yako anamwomba Nan ampitishie. Ni kweli? Niambie, nitarudi.

*Thole* bado haijafungwa. Nakutumia kadi tano. Unajua masharti.

Mwanao,
Alison


Whinrig, 15 Septemba 1935

Mwanangu,

Tu wazima sote. Nan hakohoi. Mgongo wangu ni habari nyingine, tuiache.

Ilikuwa kweli. Chumvi ilizunguka meza majira yote ya joto. Usirudi. Februari Bwana Dodds atasimama tena mlangoni, na sijui tutajibu nini, na nikilala nauona ule mlango. Lakini jana tulikuwa tunafunga miganda ya oti, baba yako na mimi, mstari mmoja, mvua ikaanza. Nakutumia kadi moja. Nne nimeziharibu, maana mkono umesahau kalamu.

Neno: *thole*.
Maneno: "Ulipoondoka, Beattie, sikuweza kuvumilia. Kila barua yako niliitia motoni kabla sijaifungua, nisije nikakufuata."
Msemaji: Adam Hume, mlimaji.
Mahali: Whinrig, shamba la juu.
Tarehe: 14 Septemba 1935.

Mwambie Profesa sikutunga.

Shangazi yako,
Beatrix