Siku Githeri Ilipoungua Nami Nikaomba Nyongeza

Jumatano. Baridi ya Julai hapa Kibugu, na ukungu haukuinuka mpaka saa sita.

Leo naandika nikiwa na aibu, ila shukrani imezidi. Acha nianze na aibu, iishe.

Kazi yangu ni kunusa. Kiwandani tunapakia njugu za makadamia, na kabla boksi halijafungwa mimi huchukua kiganja kimoja, nanusa, naonja kidogo. Zilizochacha hunuka mafuta ya zamani, na hizo hazipiti. Sahihi yangu ndiyo ya mwisho.

Sasa, nina mafua tangu jana usiku. Asubuhi nilijipaka dawa ya mafua yenye harufu kali kifuani na chini ya pua, jinsi sote huku juu tunavyofanya baridi ikizidi, nikaenda kazini bila kumwambia mtu. Kandarasi yangu inaisha mwisho wa mwezi na sikutaka kuonekana mtu wa kuugua-ugua. Nilipitisha maboksi arobaini, na sikupata hata moja baya.

Hilo lenyewe lilifaa kunishtua.

Saa saba tukaenda kula. Nilimaliza githeri yangu, mahindi na maharagwe ya kila siku, nikarudi kuomba nyongeza, na meza nzima ikanigeukia. Karimi, mnusaji mwenzangu, akanitazama sana.

"Wanja, hii githeri imeungua mpaka imetushinda. Na wewe unaongeza?"

Walicheka, nami nikacheka, kisha nikaweka kijiko chini. Kama sikunusa sufuria iliyoungua, asubuhi yote nilikuwa nanusa nini?

Nakiri, nilifikiria kunyamaza. Lori lilikuwa linapakiwa. Nilienda chooni mara mbili bila haja yoyote. Halafu nikamwendea Mama Kendi, msimamizi wetu, mtu wa Ruiri asiyejua kubembeleza, nikamwambia yote bila kupumua.

Alisimamisha lori. Karimi akarudia maboksi yote arobaini. Matatu yalikuwa yamechacha, na sahihi yangu iko juu yake, tena nzuri.

Nilingoja kufukuzwa. Mama Kendi akanipa kalamu niandike kilichotokea, bila kujipamba.

"Kuwa na homa si makosa," akasema. "Makosa ni kunyamaza. Kesho unabandika lebo mpaka upone. Na hiyo dawa usijipake ukikuja kazi."

Nikauliza kuhusu kandarasi.

"Mtu wa kuniambia nisimamishe lori, nitapata wapi mwingine?"

Nililia kidogo, na safari hii si mafua.

Kuanzia kesho, kila asubuhi wanusaji watawekewa vikombe vitatu, kimoja kikiwa na makadamia zilizochacha. Asiyekitambua hanusi siku hiyo. Nafurahi, maana sitalazimika tena kujiamini bure.

Namshukuru Mungu, namshukuru Karimi na mdomo wake. Lakini kuna mmoja aliyelaumiwa na kiwanda kizima leo, na hajui alichoniokoa nacho. Kesho nikifika, kabla ya kushika lebo hata moja, nitapita jikoni nimshukuru mpishi.